Foleni Iliyolindwa na Kevo

Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwafaa nyinyi mnaoanza kazi ya kutembelea wagonjwa wa akili mitaani, na tangu asubuhi nimekaa na karatasi hii nikiinuka kila mara kwenda kuangalia kama chai imechemka. Chai ilichemka zamani. Mimi ndiye sijatulia. Nilistaafu kabla ya wakati, mwaka ambao goti langu na pesa za wafadhili vilikubaliana kuniambia imetosha, na mpaka leo simu ikilia asubuhi mapema najua moyoni kwamba ni dada ya mgonjwa fulani. Kwa kawaida ni kampuni ya simu inayotaka kunikopesha.

Kwanza, mimi si daktari. Nilisomea sosholojia, somo ambalo marehemu baba alikufa bila kuelewa linatibu nini. Lakini Kibera na Kawangware, mtu akibeba mkoba na kuuliza maswali ni daktari. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakikataa cheo hicho kwa adabu. Baadaye nikakizoea. Baadaye zaidi nikaanza kukasirika nisipoitwa hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kuwafuata watu waliotoka hospitali ya akili na kurudi kwao, tuone wanakula, wanalala, na wanapata dawa. Wengi walikuwa kwenye tuliyoiita sindano ya mwezi: dawa inadungwa mara moja na kukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hivyo mtu hahangaiki na vidonge kila siku. Halafu corona ikaja, na chanjo nyuma yake, na ofisini tukaambiwa kwamba wagonjwa wetu hawajitokezi. Watu wote wanachanjwa, wenu wako wapi?

Kabla sijafika huko, chukueni mawili matatu ya bure. Vaeni viatu vya kufunga kamba. Ndara zitabaki kwenye tope la Kibera na nyinyi mtaendelea mbele. Msibishe hodi kwenye ploti, zile nyumba za vyumba vya kupanga, mkasema mnamtafuta mgonjwa wa akili. Tajeni jina, semeni mmetumwa na binamu. Msiketi katikati ya mtu na mlango wake. Mkikaribishwa uji, kunyweni, hata kama mmekunywa nyumba tatu zilizopita, kwa maana mwenye ugonjwa huu huwakaribisha wengi lakini si mara nyingi mtu hukubali kunywa kutoka mkononi mwake.

Sasa chanjo. Mimi, kwa vile nimesoma, nilijua tatizo kabla ya kumwuliza mtu yeyote. Tatizo lilikuwa uvumi. Nikatengeneza chati kubwa yenye picha: upande mmoja uvumi, upande wa pili ukweli. Nikaibeba hadi Kambi Muru, kule Kibera, kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, ambako tulikuwa tumewaita wagonjwa na jamaa zao. Kusema kweli sikuibeba mimi. Ilibebwa na kijana mbebaji wa Kawangware aitwaye Kevo, ambaye mtamjua vizuri punde si punde.

Nikawasomea yote. Kwamba chanjo haina chip ndani. Kwamba haimfanyi mtu avute vijiko kama sumaku. Kwamba haimalizi nguvu za kiume. Nilipomaliza, mama mmoja anayemlea mwanawe mgonjwa akainua mkono.

"Daktari, hayo ya vijiko umeyatoa wapi?"

"Ni uvumi, mama. Si kweli."

"Nimeelewa si kweli. Nauliza umeyatoa wapi, sababu hapa hatukuwa tumeyasikia."

Nikauliza, basi kwa nini hamji?

"Gari lenu huja siku ya kufungua marobota Toi. Hiyo siku ukikosa sokoni, mitumba mizuri yote imeenda. Nani atamleta huyu?"

Hiyo tu. Hatukuwahi kuwauliza siku. Kufikia jioni, habari ilikuwa imefika Soko la Toi kwamba kuna daktari Kambi Muru anasema chanjo inavuta vijiko, na wachache waliokuwa wamepanga kuja wakaamua wangoje kidogo waone. Sista Agneta, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka yote, mwanamke wa Kakamega asiyejua kupunguza sauti, aliniangalia tukikunja chati.

"Umeenda kuzima moto na mafuta ya taa," akasema. "Lakini picha zilikuwa safi."

Ningejifunza hapo. Sikujifunza hapo. Ndiyo maana tunaenda Kawangware.

Kule 46, sehemu ya Kawangware iliyopewa jina la namba ya matatu, kulikuwa na akina dada wawili Wakongo, Furaha na Neema, waliotoka Bukavu na kukaa kwenye ploti ile muda mrefu kuliko nusu ya wapangaji. Hata hivyo, waliitwa bado "wale Wakongo," hata na watu waliochota nao maji kwenye mfereji mmoja. Walishona nguo za vitenge. Furaha alipima na kukata, Neema alishona, na mshono wa Neema ulikuwa umenyooka mpaka unatia haya. Neema alisikia sauti. Akiwa kwenye sindano ya mwezi, sauti zilikaa mbali, kama redio ya jirani, alivyosema mwenyewe, na cherehani ikazifunika. Akikosa, zilikuja juu.

Watu kama hawa ndio huachwa bila mtu yeyote kukusudia. Tangazo la chanjo lilipita mtaani kwa kipaza sauti na kwa Sheng. Wao wakasikia kelele. Ukienda kujiandikisha unaulizwa kitambulisho. Kadi ya mkimbizi ikiingizwa, kompyuta inakaa kimya kama mtu aliyetukanwa. Nilijivunia kwamba nimeyatatua hayo. Nilikwenda mwenyewe pamoja na Sista Agneta, nikawaeleza polepole, nikaandikisha majina yao kwa mkono. Furaha akauliza kama Neema anaweza kudungwa pamoja na dawa yake ile nyingine. Sista akasema anaweza, haina shida. Wakakubali. Nikarudi ofisini nikitembea kama jogoo.

Kwa foleni, nilihitaji watu wa kupanga viti na kuelekeza. Chuo kikuu nilifundishwa kwamba kazi ya jamii iongozwe na jamii. Kwa hivyo nikawachukua vijana wa mtaa, Kevo na wenzake, wabebaji wa magunia sokoni, nikawapa jaketi za kung'aa. Kila mtu 46 anamjua Kevo. Hilo ndilo lililonifurahisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili hamtalisoma kwenye kitabu cha mafunzo. Katika zile ploti, mtu akiugua akili, akianza kupiga kelele au kuvua nguo, hakuna anayeita ambulensi. Ataiita ipitie wapi? Huitwa vijana wenye nguvu. Wanakuja, wanamshika, wanambeba hadi kituo cha afya, wanamlalia mpaka sindano iingie, wananunuliwa soda, wanarudi kazini. Si ukatili. Ni ujirani. Mimi nilijua desturi hiyo; niliwahi hata kuiandikia ripoti, na ripoti ilisifiwa. Ila sikuwa nimeunganisha vijana wa kwenye ripoti na vijana niliowavisha jaketi.

Siku yenyewe tuliweka hema kwenye uwanja wa kanisa. Kevo alisimama langoni mikono ameitandaza.

"Niaje daktari! Leo hakuna msee atapita hapa bila kudungwa!"

Nikacheka. Nilicheka, nawaambia.

Furaha na Neema wakaja wamevaa vitenge vya Jumapili. Kevo akamwona Neema kabla yangu, uso wake ukang'aa kwa wema mtupu.

"Mama Neema! Kuja huku, usiogope! Si mimi ndiye nilikusaidia ile siku?" Akanyoosha mkono amshike kiwiko.

Neema akautazama ule mkono. Akatazama nyuma yake wale wengine watatu. Akatazama meza, ambapo Sista Agneta alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kisha hakuwepo tena. Kandambili moja ilibaki langoni.

Nikamkimbilia. Mtu wa goti moja, mkoba unapiga ubavuni, nikipaza sauti katikati ya barabara ya 46, "Mama, haina chip! Haina chip!" Kijana aliyekuwa akikaanga chipsi kando ya njia akainua kijiko chake.

"Ziko huku, daktari! Za moto!"

Barabara nzima ikacheka, na Neema akapotea kwenye vichochoro.

Siku yake ya sindano ya mwezi ilipofika, hakuja kituoni. Hapo ndipo usingizi uliponiondoka mimi pia. Chanjo ya corona mtu anaweza kuichelewesha akaendelea kuishi maisha yake. Ile nyingine ndiyo iliyokuwa imeyashikilia maisha yenyewe. Na sisi ndio tuliomfukuza. Furaha alianza kupiga simu.

"Daktari, halali. Anashona tu. Anashona, anafumua, anashona tena."

Nikamwambia tutakuja. Ofisi ikasema gari halipo. Kesho yake akapiga tena.

"Ameanza kuongea na ukuta. Landilodi amesema kelele ikianza, tuhame. Kevo ananiambia yeye na wenzake wako tayari, nimuite tu."

"Usimuite."

"Basi nimuite nani, daktari? Weye?"

Nilizunguka meza ya ofisini. Bosi wangu, ambaye alikuwa mtu mwema lakini mtu wa hesabu za mwisho wa mwezi, akaniuliza kwa nini sikai. Nikamwambia kiti kina msumari. Mwishowe mimi na Sista Agneta tulikwenda kwa miguu kutoka kituoni, dawa ya Neema mkobani mwake, bila gari, bila jaketi, bila chati.

Tulimkuta kwenye cherehani, mgongo ukutani. Macho yalikuwa mekundu. Furaha alisimama karibu na jiko akifuta sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Weye ni ule wa chip," Neema akaniambia.

"Ndiyo, ni mimi."

"Chip ni nini?"

Nikamweleza. Kwamba kuna watu wanadhani kuna kidude ndani ya chanjo, cha kumfuata mtu kila anakokwenda na kumsikiliza mawazo. Alisimamisha cherehani akaniangalia.

"Batu banaamini ile?"

"Wengine."

"Basi bale ni bagonjwa kuliko miye."

Sista Agneta akaangua kicheko, kile chake cha kusikika ploti ya pili, na Neema naye mdomo ukamcheza kidogo. Halafu akasema, bila kumtazama yeyote, "Miye siogopi sindano. Kila mwezi napigwa sindano. Naogopa mikono."

Akatueleza. Mara ile ya zamani, alipougua vibaya, goti la mtu lilikuwa mgongoni mwake. Kitenge kilipanda. Majirani walisimama mlangoni wakiangalia, wanaume na watoto. Aliwaambia wasimame kidogo tu, avute pumzi, ashushe kitenge. Aliwaambia kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kifaransa, akawaambia kwa lugha ya mama yake. Hakuna aliyesimama.

"Ni miye nilibaita," Furaha akasema, bado ameshika sufuria. "Ulikuwa unataka kutoka barabarani. Ningefanya nini?"

"Najua ni weye."

"Miaka yote unajua?"

"Najua. Kata ile nguo ya mteja, anakuja saa nane."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzuri sana kuhusu haki za mgonjwa. Sista Agneta akanikanyaga mguu, naye ni mwanamke mzito, Mungu amzidishie.

"Mama, unataka tukufanyie aje?" akamwuliza.

Neema akafikiri. Alitaka sindano yake ya mwezi aipatie pale nyumbani, Sista peke yake, mlango umerudishwa lakini haujafungwa kwa komeo. Mimi nikae nje.

"Sawa," Sista akasema, mkono tayari uko mkobani. "Sasa hivi?"

"Kesho."

Nilimwangalia Sista. Mtu huyu hajalala, anaongea na ukuta, landilodi anatishia kuwafukuza, Kevo anangoja simu, na dawa iko hapa. Nyinyi mtafika mahali kama pale, na mtatamani kubembeleza, na kubembeleza kutakaribia sana kushika. Sista alitoa mkono mkobani.

"Haya, kesho," akasema.

Sijui kama mnajua usiku ule nilivyoupitisha. Siwaelezi. Kesho yake Neema alifungua mlango mwenyewe, nami nikakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikisikiliza kama kutakuwa na kelele. Nilisikia wanabishana juu ya bei ya kitambaa. Sista akatoka.

"Amepata," akasema. "Na ile ya corona amesema atakuja mwenyewe uwanjani, siku hema likirudi. Ana sharti moja. Kevo achanjwe kwanza, yeye akiona."

Nikamtafuta Kevo sokoni. Alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi.

"Mimi? Daktari, mimi niko fiti. Mimi ni wa kupanga watu."

"Kevo. Umechanjwa?"

"Si nilikuambia niko fiti."

"Umechanjwa ama hujachanjwa?"

Akaangalia pembeni. "Nilisikia hiyo kitu inamaliza nguvu za kiume."

"Nani amekudanganya hivyo?"

"Si ni wewe! Ile chati, Kambi Muru. Nilikuwa nimeishika, nikaona na picha."

Nikaketi kwenye gunia la pili. Nikamweleza ukweli wote kuhusu chanjo, pole pole, bila picha. Halafu nikamweleza kwa nini Neema alikimbia. Alinikatiza.

"Zii. Kwani tulimshika vibaya? Hakuna mtu alimpiga. Hata nilimfunika na jaketi yangu."

"Mlimfunika mlipomaliza."

"Sasa angeenda barabarani agongwe?"

"Labda angegongwa. Sijasema mlikosea kumzuia."

"Sasa unasema nini, daktari?"

Nikamwambia aliwaomba wasimame kidogo. Kevo akachomoa viazi viwili vitatu vilivyooza kutoka kwenye tundu la gunia, akavitupa kimoja kimoja.

"Sikuwa nasikia," akasema. "Ukimshika mtu hivyo, unasikia tu pumzi yako."

Hema likarudi. Safari hii tuliuliza siku, na ikawa siku ambayo mafundi wengi wako huru. Wale wenzake Kevo watatu niliwatuma kubeba maji upande wa pili. Sasa kuna jambo la kikazi mnapaswa kulijua: chupa ya ile chanjo ni ya watu kadhaa, na ikishafunguliwa ina saa zake, zikipita, inayobaki inamwagwa, na mtu ofisini anauliza kwa nini. Kwa hivyo muuguzi hufungua akiwa na watu wa kutosha mbele yake, na foleni haipaswi kukwama. Mimi nilikuwa nikitazama saa, lango, saa, lango.

Neema akaja na Furaha. Akasimama hatua chache kutoka mezani, mikono ameikunja.

Kevo akaketi kwenye kiti. Jasho lilimtoka kipajini kama amebeba gunia. Sista alipomsogelea na pamba, alirudisha bega nyuma.

"Kijana, tulia," Sista akasema.

"Nimetulia."

"Kiti kinatembea."

Neema akasogea. "Nimushike?" akauliza.

Foleni ikalipuka. Mwanamume mmoja aliinama kwa kicheko mpaka akashika magoti. "Mshike mama! Mshike vizuri, huyo ana nguvu!" Hata Kevo alicheka, macho ameyafumba, na akiwa bado anacheka Sista akamaliza. Alifungua jicho moja.

"Imeisha?"

"Toka kwenye kiti."

Neema hakuketi. Alisema atasimama. Akakunja mkono wa blauzi mwenyewe, vizuri, mara mbili, kama anayepinda upindo wa nguo. Sista akavuta dawa, akapangusa bega, akainua sindano.

"Ngoja," Neema akasema.

Sista akashusha mkono. Sote tukasimama. Neema alivuta pumzi, akatazama lango, lilikuwa wazi. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Sista akapangusa bega tena, akainua sindano, ikakaribia ngozi.

"Ngoja."

Sindano ikashuka. Nyuma mtu akafyonya. "Aai, wengine tuna kazi!" Mwingine akasema, "Si wamsaidie tu, mmoja ashike mkono." Furaha alinyoosha mkono kuelekea bega la dada yake, kisha akaurudisha na kuushika kwa ule mwingine. Mimi niliitazama chupa iliyo wazi mezani, nikaitazama saa, na nawaambia ukweli, maneno ya kumharakisha yalikuwa yamefika kwenye meno.

Kevo ndiye aliyegeuka. Alikuwa bado amebana pamba begani. Akasimama kati ya Neema na foleni, mgongo amempa Neema, uso amewapa watu, na hakupaza sauti.

"Amesema ngoja. Kwa hivyo mnangoja."

Wakangoja. Sijui ni muda gani, kwa sababu nilikuwa nimeacha kutazama saa. Neema aliutazama mgongo wa Kevo, akaitazama ile sindano iliyoelekezwa chini, akamtazama Sista Agneta usoni, na bega lake likashuka kidogo kama mtu anayetua mzigo.

"Haya," akasema. "Piga."